Asiye Mezani: Maadili ya Kubuni Pamoja

Katika jiji la Durban, Afrika Kusini, kuna shirika dogo lisilo la kiserikali liitwalo Asiye eTafuleni. Lilianzishwa mwaka 2008 na Richard Dobson, msanifu majengo, pamoja na Patrick Ndlovu, baada ya wote wawili kuitumikia manispaa ya jiji hilo. Kazi yake ni kuwasaidia wachuuzi, wapagazi na waokota maboksi washiriki katika usanifu wa mitaa wanamotafutia riziki. Kwa Kizulu, jina la shirika ni mwaliko: twende mezani, tukae tuzungumze.

Sikio la Mswahili halisikii mwaliko huo. Linaitambua ile *ni* ya mwisho, ndugu wa *ni* ya sokoni na nyumbani, kisha linakwama kwenye neno la kwanza, kwa kuwa *asiye* ni neno letu pia, na kwetu lina kazi nyingine kabisa. Ni asiye na mwana, asiyesikia la mkuu, asiyekuwapo. Likisikika Kiswahili, jina la shirika linakuwa sentensi iliyokatika katikati: yule asiye mezani. Hii ni sadfa tu ya lugha mbili za ukoo mmoja, wala sidai kwamba waanzilishi waliikusudia. Ila sadfa hii inatukabidhi maswali mawili. Anayesema "twende mezani" anawafikiria walioalikwa. Anayesema "asiye mezani" anamfikiria aliyekosekana. Hoja yangu ni kwamba wema wa kazi ya pamoja katika ubunifu, iwe ni kubuni soko, shule, kivuko au programu ya simu, hupimwa kwa swali la pili kabla ya la kwanza.

Wengi wetu tumefunzwa vingine. Mwanafunzi wa usanifu au uhandisi anayegawiwa kundi la watu watano hupewa kanuni zinazofahamika: fikeni kwa wakati, gawaneni kazi, sikilizaneni, msikatane kauli, tatueni ugomvi mapema. Kanuni hizi ni njema, na kundi linalozipuuza huadhibika. Hata hivyo ni kanuni za adabu, na adabu haitoshi kuwa maadili. Genge la wezi linaweza kufika kwa wakati, kugawana kazi na kusikilizana vizuri sana. Durban yenyewe ni ushahidi wa jambo hili. Sheria ya Maeneo ya Makundi ya mwaka 1950, iliyoigawa miji ya Afrika Kusini kwa rangi za watu, haikutekelezwa na watu wagomvi wasioelewana. Ilihitaji wapima ardhi, wachora ramani, wahandisi wa barabara na makarani wa nyumba, na wote walishirikiana kwa bidii. Mezani pao, kwa kadiri mtu anavyoweza kuona, palikuwa na utulivu. Wasiokuwapo ndio walioamka siku moja wakaambiwa mtaa wao si wao tena.

Miongoni mwa wasiokuwapo hao walikuwamo watu ambao msomaji wa Kiswahili hana budi kuwafahamu. Kuanzia mwaka 1873, watumwa walioachiwa huru, wengi wao wakiwa Wamakua, waliletwa Durban kwa meli kutoka Zanzibar wakawekwa kuwa vibarua wa koloni la Natal. Wakazi wa jiji waliwaita Wazanzibari, na jina hilo likawaganda. Walijenga jumuiya yao ya Kiislamu huko King's Rest, upande wa Bluff. Katika miaka ya 1960 sheria ile ya 1950 iliwang'oa, wakahamishiwa Chatsworth. Utawala wa ubaguzi ulipata taabu kuamua ni watu wa kundi gani, maana hawakutoshea vizuri katika kisanduku chochote cha ramani. Methali yetu inasema: asiyekuwapo na lake halipo. Kwa kawaida tunaitumia kumlaumu aliyechelewa ugawaji. Tukiisoma mbele ya ramani ya Durban, methali hiyo inaacha kuwa lawama kwa aliyekosekana na inakuwa onyo kwa waliokuwapo: mnachokichora kitakuwa na umbo la ninyi mliokaa.

Warwick Junction ni zao la ramani hiyo hiyo. Ni eneo lililo ukingoni mwa katikati ya jiji, penye stesheni ya treni ya Berea, vituo vya mabasi na vya teksi, barabara za juu na masoko yaliyobanana. Wakati wa ubaguzi, hapa ndipo Mwafrika alipoingilia mjini asubuhi kufanya kazi na ndipo alipotokea jioni kurudi alikoruhusiwa kulala. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watu wapatao 460,000 hupita hapo kila siku, nao maelfu ya wachuuzi huwauzia matunda, shanga, mahindi ya kuchemsha, nyama ya kichwa cha ng'ombe, chokaa, ubani wa kienyeji uitwao *impepho* na dawa za miti shamba. Soko la Alfajiri, ambalo historia yake inaanzia mwaka 1910 na ambalo limekuwa Warwick tangu 1934, lina mizizi katika wakulima wa Kihindi, uzao wa vibarua wa mkataba walioanza kuwasili Natal mwaka 1860.

Katikati ya miaka ya 1990, nchi ikiwa imetoka tu katika uchaguzi wa 1994, manispaa ilianzisha mradi wa kulihuisha eneo hili. Ungeweza kuwa mradi wa kawaida wa kusafisha jiji, yaani magari, virungu na vibanda vilivyovunjwa. Haukuwa hivyo, na sababu mbili zinatosha kutajwa. Kwanza, idara za jiji ambazo kwa desturi kila moja hufanya yake, yaani afya, barabara, maji taka, usalama na usanifu, ziliwekwa kulihudumia eneo moja kwa pamoja. Pili, upande wa pili wa meza haukuwa na watu mmoja mmoja waliotawanyika. Mwaka 1994 mjini Durban kulikuwa kumeanzishwa SEWU, chama cha wanawake waliojiajiri, kwa kuiga mfano wa SEWA ya India. Wanawake wachuuzi walijifunza humo namna ya kufanya mkutano, kushika hoja na kudai maji, vyoo na kivuli bila kuomba radhi. Mtu akikaribishwa mezani bila ya kuwa na wenzake nyuma yake huwa mgeni. Akija na chama huwa mshiriki.

Hapa lugha yetu ina upambanuzi ambao wapangaji wengi wa miradi wangenufaika nao. Kuna *kushirikishwa*, na kuna *kushirikiana*. Vitenzi hivi vina mzizi mmoja, lakini tofauti ya viambishi ni tofauti ya ulimwengu. Anayeshirikishwa ametendewa. Yuko mtu mwingine, mwenye mradi, aliyemfanya ashiriki, na aliyemwingiza anaweza kumtoa. Wanaoshirikiana wanatendana, kila mmoja akitenda na kutendwa. Ripoti za miradi Afrika Mashariki zimejaa wananchi walioshirikishwa: waliitwa ukumbini, wakaonyeshwa picha ya rangi, wakauliza maswali matatu, wakanywa soda, wakasaini orodha ya mahudhurio. Mchoro uliingia ukumbini ukiwa umekamilika na ukatoka ulivyoingia. Kipimo changu cha kushirikiana ni chepesi: nionyeshe mstari mmoja katika mchoro ambao usingekuwapo, au usingekaa hapo ulipo, kama mwenzako asingekuwapo. Ikiwa hakuna mstari wa namna hiyo, basi hapakuwa na kundi, palikuwa na hadhira.

Soko la dawa za asili la Warwick linaupita mtihani huo. Wauzaji wa *umuthi*, neno ambalo Mswahili atalitambua mara moja kuwa ni jamaa wa *mti*, walikuwa wakiuza na hata kulala kandokando ya barabara, juani na mvuani. Karibu nao palikuwa na vipande vya barabara ya juu vilivyoachwa bila kukamilishwa, zege linaloning'inia hewani bila pa kwenda. Baada ya mazungumzo na wauzaji, vipande hivyo viligeuzwa kuwa soko lenye paa, vibanda na mahali pa kuhifadhi mizigo, na vikaunganishwa na njia za watu kwa vivuko vya juu. Tazama kilichotendeka. Barabara iliyobuniwa kwa ajili ya magari ya wenye nacho kupita juu ya vichwa vya watu imekuwa sakafu ya wanawake wenye mizizi na magome. Na kilicho muhimu zaidi kwa mfanyabiashara mdogo kimelindwa: miguu ya wateja inapita mbele ya bidhaa.

Ili kuona uzito wa jambo hilo, tulinganishe na kisa cha nyumbani. Jijini Dar es Salaam, katika eneo la Karume, Ilala, lilijengwa jengo la ghorofa kwa mkopo wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ili wachuuzi wa mitaani waondoke barabarani wahamie humo. Likaitwa Machinga Complex. Jengo lilikuwa imara, na nia iliyotangazwa ilikuwa njema. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya vizimba vyake ilibaki mitupu huku wachuuzi wakiendelea kuuza kandokando ya barabara. Viongozi walioona hivyo walishawishika kuwalaumu machinga kwa ukaidi. Lakini mchuuzi yeyote angeweza kuwaambia, kabla ya jiwe la msingi, kwamba mnunuzi wa soksi au kitana hapandi ngazi kukifuata kitu hicho. Hukinunua kwa sababu kimekutana naye njiani. Maarifa hayo hayakuwa siri wala hayakuhitaji utafiti. Yalikuwa vichwani mwa watu ambao hawakuwa mezani pale uamuzi wa ghorofa ulipofanywa.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Katika falsafa ya maarifa methali hii ina dai zito kuliko inavyodhaniwa. Haisemi kwamba seremala ni mjinga. Seremala anajua mbao, anajua kiungo, anajua kitanda kitabeba uzito gani. Inasema yapo maarifa yanayopatikana kwa kulala tu, na kwamba hakuna wingi wa maarifa ya useremala unaoweza kuyazaa. Pale Warwick, wanawake wanaopika *inhloko*, nyama ya kichwa cha ng'ombe, walikuwa wakipikia barabarani, na mafuta na maji ya kupikia yalikuwa mzigo kwa mifereji ya jiji. Mhandisi alijua mfereji unavyoziba. Afisa wa afya alijua hatari ya nyama iliyokaa juani. Mpishi alijua sufuria inayochemka inanyanyuliwa vipi, mteja anasimama wapi, na ni saa ngapi kazi ikichelewa siku nzima imepotea. Kila mmoja alikuwa na nusu isiyoweza kusimama bila nyingine, na mahali maalumu palipopatikana kwa ajili ya kazi hiyo, penye kivuli na maji, palitokana na kuziunga nusu hizo.

Waokota maboksi nao wanatupa mfano. Hawa ni wengi wao wanawake, wanaokusanya makaratasi magumu ya madukani na kuyauza kwa uzito. Asiye eTafuleni ilipotaka kupata mkokoteni unaowafaa, vigari vya majaribio vilipelekwa mitaani kwa wanawake wenyewe wavisukume, wavilalamikie, virudishwe karakana. Malalamiko yalikuwa sehemu ya kazi ya kubuni. Katika makundi mengi ya kitaaluma, malalamiko huja mwishoni na huhesabiwa kuwa kushindwa.

Kutoka hapa naweza kutamka kanuni ninayoipendekeza. Katika kundi linalobuni, uzito wa neno la mtu upimwe kwa ukubwa wa hasara atakayoipata mchoro ukikosewa. Msanifu akikosea, sifa yake huenda ikachubuka, ila mshahara wa mwezi huo ataupata. Diwani akikosea, atasubiri uchaguzi. Mwanafunzi akikosea, atapewa alama ya chini. Mchuuzi akihamishwa mita mia mbili mbali na njia ya watu, wanawe watalala njaa wiki ileile. Desturi yetu ni kugeuza mizani hii juu chini: mwenye kupoteza kidogo huongea kwanza, huongea kwa muda mrefu na huongea kwa michoro, na mwenye kupoteza kila kitu hupewa dakika tano za mwisho, wakati watu wameanza kukusanya mikoba yao. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, tunasema, lakini hatujawahi kumpa maiti kiti cha mwenyekiti.

Atasimama mpinzani aseme: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kivuko cha juu hakijengwi kwa kura. Zege lina sheria zake ambazo haziheshimu maafikiano. Pingamizi hili ni la haki, nami sitaki kulikwepa kwa maneno matamu kuhusu hekima ya wananchi. Ipo aina ya "ushirikishwaji" ambamo mtaalamu, kwa kuogopa kuitwa mwenye kiburi, huitikia kila kitu, na hiyo pia ni dharau. Mhandisi anayejua kwamba paa fulani litang'olewa na upepo akanyamaza ili asiwaudhi wanakijiji amewatendea kama watoto. Katika ushirikiano wa kweli kila mmoja ana wajibu wa kuwa mkaidi pale anapojua. Methali inakataza manahodha wengi, haikatazi mabaharia kusema. Nahodha huamua namna ya kushika usukani, lakini chombo kinaelekea wapi na kimebeba nini ni neno la wenye safari na wenye mali. Mtaalamu anayechukua yote mawili, usukani na safari, amewateka abiria wake, hata kama anaendesha vizuri.

Lipo pingamizi la pili, na hili ni gumu zaidi kwa sababu linatoka ndani ya mapenzi yetu wenyewe. Tunapenda kusimulia kwamba Waafrika walikaa chini ya mti wakazungumza mpaka wakaafikiana. Nyerere aliitumia picha hiyo alipoieleza demokrasia ya Kiafrika, naye Kwasi Wiredu, mwanafalsafa wa Ghana, akaijengea hoja kamili ya siasa ya maafikiano badala ya siasa ya wengi kuwashinda wachache. Emmanuel Eze, wa Nigeria, alimjibu kwa mashaka kuhusu picha hiyo. Mashaka yangu mimi ni ya mpanga viti: nani hakuwapo chini ya mti? Mara nyingi wanawake hawakuwapo, wala vijana, wala watumwa. Pwani yetu ina baraza, na neno hilo lina uzuri wake, kwa kuwa ni jina la kiti cha jiwe nje ya nyumba na papo hapo ni jina la mkutano. Baraza haina mlango, na mpita njia anaweza kuketi. Hata hivyo, kwenye mabaraza ya Lamu na Unguja walioketi ni wanaume zaidi, na mambo mengi yaliyoamuliwa hapo yaliwahusu watu waliokuwa nyuma ya ukuta. Maafikiano ya waliokuwapo yanaweza kuwa kamili kabisa, na dhuluma ikawa kamili vilevile. Kadiri waliokaa wanavyoelewana ndivyo inavyokuwa vigumu zaidi kumsikia aliye nje, maana kelele ya ugomvi ingalau ingewakumbusha kwamba watu hutofautiana.

Yaliyotokea Warwick baadaye yanaonyesha udhaifu wa meza yoyote. Mwaka 2009, Durban ikijiandaa kwa Kombe la Dunia la 2010, manispaa ileile iliyokuwa imesifiwa kwa ushirikiano wake ilitangaza mpango wa kujenga duka kubwa la kisasa mahali lilipo Soko la Alfajiri. Wachuuzi waliandamana, wakakabiliana na polisi, kisha wakaenda mahakamani wakisaidiwa na mawakili wa Legal Resources Centre. Mwaka 2011 baraza la jiji lilibatilisha uamuzi wake na soko likabaki. Kuna wanaosoma kisa hiki kuwa ushahidi kwamba miaka ya mazungumzo ilikuwa bure. Mimi nakisoma kinyume. Watu waliojizoeza kukaa mezani walitambua upesi sana siku ambayo meza ilikuwa imeondolewa, na walikuwa na vyama, kumbukumbu na marafiki wa kuwawezesha kuidai. Ushirikiano katika kubuni hauwafanyi wenye nguvu wawe wema daima. Unawaachia wanyonge desturi ya kuulizwa, na desturi hiyo ikivunjwa, kuvunjwa kwake huonekana.

Wasanifu majengo wa dunia walipokutana Durban Agosti 2014 kwa kongamano la umoja wao wa kimataifa, Warwick ilikuwa tayari imekuwa mfano wa kufundishia. Napendekeza tusiishie kwenye sifa. Tuutumie mfano huo kwa swali lake gumu zaidi, ambalo linatuhusu sisi wasomaji wa ughaibuni moja kwa moja. Mchuuzi aliyepata kibanda na kibali, aliyemo katika chama na anayefahamiana na maafisa, sasa ni mtu wa mezani. Nani basi asiye mezani? Durban ina Wakongo, Warundi, Watanzania, Wasomali na wengine wengi, na Kiswahili husikika katika mitaa yake ya kati. Wengi wao wanaishi kwa biashara ndogondogo na kwa karatasi za ukimbizi zinazopaswa kuhuishwa kila baada ya muda. Aprili 2015 mashambulizi dhidi ya Waafrika wa nchi nyingine yalizuka jijini humo, maduka yakaporwa, watu wakauawa, na maelfu wakakimbilia kambi za muda. Mojawapo ya kambi hizo iliwekwa Chatsworth, palepale walikohamishiwa wale Wazanzibari wa miaka ya 1960. Jiji moja, kitongoji kimoja, na kwa mara ya pili watu waliotoka upande wetu wa bara wakawekwa mahali ambapo hawakupachagua.

Silitaji hili ili kuwashtaki wachuuzi wa Warwick, ambao hawakuiandika sera ya uhamiaji na ambao wengi wao wanajua vizuri uchungu wa kufukuzwa. Nalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba swali la aliyekosekana halijibiwi mara moja likaisha. Kila meza ina ukingo. Tukiongeza viti kumi, anayefuata ni wa kumi na moja, na wale kumi walioketi wana sababu nzuri za kusema nafasi imejaa. Kwa hiyo sifa njema ya kundi linalobuni haiwezi kuwa ukamilifu wa orodha yake, kwa kuwa hakuna orodha iliyo kamili. Sifa yake ni mazoea: kuuliza kila kikao, na kuandika katika kumbukumbu za kikao, ni nani atakayeguswa na mstari huu ambaye hayupo hapa, na nani atakwenda kumwona kabla ya Ijumaa. Swali likiulizwa hivyo, lina jibu lenye jina na siku. Likiulizwa kwa jumla, hubaki kuwa hotuba.

Wapo watakaoona kwamba hili ni kubwa mno kwa kundi la wanafunzi watano wenye wiki sita za kubuni kituo cha basi. Naona ni kinyume chake. Wiki sita ndizo wanazojifunzia wapi pa kuanzia. Kundi linaloanza kwa kugawana kazi, wewe chora, wewe andika, wewe wasilisha, limekwisha kuamua kwamba maarifa yote yanayohitajika yamo chumbani. Kundi linaloanza kwa kwenda kituoni saa kumi na moja alfajiri, likamkuta mama muuza chai ambaye ameketi hapo miaka kumi na mbili, litagombana zaidi likirudi, kwa sababu sasa lina jambo la kweli la kugombania. Ugomvi huo ni wenye afya. Unahusu kitu, wala si nani anampita nani.

Turudi basi kwenye ile samani. Wazulu waliiazima *itafula* kutoka *tafel* ya Kiafrikana, nasi tukaiazima meza kutoka kwa Wareno. Kwa namna fulani kila anayealikwa mezani katika nchi zetu anaalikwa kwenye samani ya mgeni, yenye kiti cha mbele, kalamu, ajenda na lugha ya watu waliosoma. Lakini neno limeishi kwetu muda mrefu, na limepata maana ambayo Wareno hawakutuachia. Muulize mtu yeyote wa Kariakoo, Marikiti au Kongowea: meza ni mahali pa biashara. "Mama ana meza sokoni," tunasema, na maana yake ni kwamba ana mbao nne na misumari, ana nyanya alizozipanga mafungu, na watoto wanasoma. Meza hiyo ilikuwapo kabla ya mkutano wetu. Mchuuzi wa Warwick naye anayo. Pengine basi jina lile la Kizulu linatuhusu sisi wenye michoro kuliko linavyomhusu yeye. Yeye yuko mezani tangu alfajiri, na sisi ndio ambao bado hatujafika.